Goshi na demani: Pande za chombo zinazohama na upepo

Na Mwandishi Wetu, Chwaka

Upepo wa kusi ukishika, ngalawa inayotoka Chwaka kuvukia Michamvi huupokea upepo huo kwa ubavu wa kulia. Tanga hujaa kuelekea kushoto, ndubi ya upande huo huanza kuzama, na nahodha aliyeshika kana nyuma hutoa amri ya neno moja: "Goshini!" Kijana wa chomboni huparamia mrengu wa kulia, hukaa huko juu ya maji, na uzito wake huisimamisha ngalawa.

Safari ikigeuka, upepo ni ule ule, lakini chombo sasa kimeelekea Chwaka na kusi inapiga ubavu wa kushoto. Amri ni ile ile. Safari hii kijana huparamia mrengu wa kushoto. Angekuwa amefundishwa kwamba goshini ni kulia, angejazia uzito upande unaozama, na madema, samaki na watu wangekwenda majini pamoja.

Hivyo ndivyo pande za chombo zinavyohesabiwa na watu wa tanga katika ghuba hii na pwani yote ya Waswahili. Goshi, ambayo wengine huitamka joshi, ni upande unaopigwa na upepo. Demani ni upande wa pili, ule ambao upepo unaukimbilia na ambako tanga limelala. Chombo kikipindua, goshi huwa demani na demani huwa goshi.

Ipo hesabu nyingine. Katika sheria za kimataifa za bahari, ubavu wa kulia wa chombo ni wa kulia milele, na usiku huwekewa taa ya kijani. Ubavu wa kushoto huwekewa taa nyekundu. Upepo ubadilike, mawimbi yapande, rangi hazihami.

Kutoka dikoni Chwaka hadi kwenye bandari ya Malindi, Mjini Unguja, hesabu hizi mbili zinakutana kila siku. Nahodha aliyekulia kwenye tanga anaijua vizuri ya kwanza, na kijana wa boti ya mashine anaihitaji ya pili. Walio wengi hawajafundishwa jinsi zinavyoungana, na mahali zinapoungana ndipo inapoamuliwa nani ampishe nani gizani.

Kamba mbili za tanga

Maneno haya yalianzia kwenye tanga lenyewe. Tanga la pembetatu, liwe la ngalawa, dau au jahazi, hufungwa kwenye foromali, na foromali hupandishwa mlingotini. Pembe ya mbele ya chini hufungwa karibu na omo, upande upepo unakotokea. Hiyo ndiyo goshi. Pembe ya nyuma huzuiwa kwa kamba iitwayo demani. Akiivuta, nahodha hulikaza tanga. Akiilegeza, tanga hupumua. Kutoka kwenye pembe na kamba hizo, majina yakahamia kwenye pande za chombo.

Mabaharia wa Ghuba ya Uajemi na Omani nao wana maneno ya ukoo huo huo, jambo lisiloshangaza kwa watu waliosafiri kwa karne nyingi kwa msimu mmoja wa pepo. Kaskazi iliwaleta kuanzia Desemba, kusi ikawarudisha. Demani pia ni jina la majira, pale kusi inapoishiwa nguvu na bahari kutulia. Hata kaskazini na kusini za ramani zetu zimetokana na pepo hizo mbili. Kwa watu walioupa upepo kazi ya kugawa mwaka na dunia, si ajabu chombo nacho kugawanywa na upepo.

Ghuba ya Chwaka inaifanya hesabu hii ionekane waziwazi. Kijiji kiko ufuo wa magharibi, Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja. Upande wa mashariki rasi ya Michamvi inaikinga ghuba na bahari kuu. Kusini mwake kuna mikoko inayoungana na msitu wa Jozani. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga na majani ya bahari, na vyombo hulazimika kufuata mikondo yenye kina. Kwa hiyo wanaotoka na wanaorudi hawatawanyiki, bali wote hupita njia hiyo hiyo, tena kwa saa zinazopangwa na maji.

> Wanaotoka na wanaorudi hupita njia moja, kwa saa zinazopangwa na maji.

Wakati wa kusi mambo ni mepesi kukumbuka: anayekwenda Michamvi goshi yake iko kulia, anayerudi goshi yake iko kushoto. Wakati wa kaskazi hesabu huwa ngumu zaidi. Upepo hutoka karibu na mbele kwa anayekwenda, naye hulazimika kupiga bisho, akikata upande huu kisha ule. Kila anapopindua, foromali huhamishwa upande wa pili wa mlingoti na goshi huhama nayo. Ndani ya safari moja fupi huweza kuhama mara kadhaa.

Wakati wa tangambili, kati ya msimu na msimu, upepo wenyewe haujui unakotoka. Nahodha mzuri hujulikana hapo.

Kulia kwa nani?

Kwa nini basi tusiseme kulia na kushoto tu, tukamaliza?

Mtu wa nchi kavu huuliza hivyo kwa nia njema. Lakini hebu tazama watu walivyokaa chomboni. Nahodha yuko nyuma, ametazama mbele. Anayekumba maji amemgeukia nahodha, mgongo wake uko omo. Wa tatu amekaa kiubavu akipanga nyavu. Nahodha akipiga kelele "kulia!", watu watatu wana kulia tatu. Upepo ukiwa mkali, hakuna wa kusubiri ufafanuzi.

Mabaharia wa dunia nzima waliligundua tatizo hilo na kulitatua kwa kuupa kila ubavu jina lake. Waingereza waliuita ule wa kulia *starboard*, neno lililotokana na kasia la usukani, kwani kabla ya usukani wa katikati kasia hilo lilifungwa kulia mwa tezi. Ule wa kushoto waliuita *larboard*, upande wa kupakilia. Maneno hayo mawili yanafanana mno masikioni, hasa katikati ya dhoruba. Mwaka 1844 uongozi wa jeshi la majini la Uingereza ukaamuru kushoto kuitwe *port*, na Wamarekani wakafuata mwaka 1846.

Hata baada ya hapo mkanganyiko haukuisha, kwa sababu ya kana. Kila mtoto wa Chwaka aliyewahi kushika kana anajua kwamba ukiisukuma kulia, chombo huenda kushoto. Meli kubwa zilipopata gurudumu, amri ziliendelea kutolewa kana kwamba nahodha bado ameshika kana. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, ofisa William Murdoch wa meli ya Titanic alipoona mlima wa barafu mbele, aliamuru usukani wa kulia kabisa, akikusudia meli igeuke kushoto. Ikageuka kushoto kama alivyotaka. Barafu ikaukwaruza ubavu wa kulia.

Amri ile haikuizamisha Titanic, maana ilieleweka na kutekelezwa. Lakini inaonyesha mzigo waliobeba mabaharia: kusema kulia wakimaanisha kushoto. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1929 ulitaka amri ziende moja kwa moja na upande meli inakogeukia, na Uingereza ikaanza kufuata utaratibu huo mwaka 1933.

Mataifa yenye meli kubwa kabisa yalihitaji karibu karne nzima kukubaliana namna ya kusema kulia na kushoto chomboni. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaowadharau wavuvi wetu kwa kuchanganya. Jambo lenyewe ni zito, na linastahili kufundishwa kwa subira.

Sheria iliyoandikwa kwa upepo

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini zilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1977. Zinahusu bahari kuu na maji yote yanayoungana nayo ambamo vyombo vya baharini vinaweza kupita. Jahazi halijaachwa nje, wala ngalawa.

Kanuni ya 12 ndiyo inayohusu vyombo viwili vya tanga vinavyokaribiana. Vikiwa na upepo kwa pande tofauti, chombo chenye upepo ubavu wa kushoto kitakipisha chenzake. Vikiwa na upepo kwa upande mmoja, kilicho upande upepo unakotoka kitakipisha kilicho chini yake. Na chombo chenye upepo kushoto, kikiona kingine upande wa upepo na kisiweze kutambua hicho kinapokea upepo kwa ubavu gani, kipishe tu.

Sasa isome tena kwa maneno ya Chwaka. Goshi yako ikiwa kushoto na ya mwenzako kulia, mpishe. Goshi zenu zikiwa upande mmoja, aliye juu ya upepo ampishe aliye demanini kwake. Goshi yako ikiwa kushoto na huijui ya mwenzako aliye juu ya upepo, mpishe.

Kanuni hiyo inaendelea kueleza jinsi ya kuutambua upande wa upepo: ni ule ulio kinyume na upande ambako tanga kuu limebebwa. Nahodha wa ngalawa hahitaji kuelezwa hilo. Tanga liko demani, hivyo goshi ni upande wa pili. Waandishi wa kanuni walipofika kwenye vyombo vya tanga, walilazimika kurudi kwenye swali lile lile la nahodha wa Chwaka: upepo unakupiga wapi?

> Goshi yako ikiwa kushoto na ya mwenzako kulia, mpishe.

Irudishe hesabu hiyo kwenye ghuba. Wakati wa kusi, chombo cha tanga kinachorudi kutoka Michamvi kina goshi kushoto, nacho ndicho kinachopaswa kukipisha kile kinachokwenda. Hilo linaweza kufundishwa dikoni kwa muda mfupi, kwa mtu asiyejua kusoma, bila neno hata moja la Kiingereza. Akilielewa hilo, amebakiza kujifunza jambo moja tu la ziada, nalo ni kuitambua goshi yake iko ubavu upi wa kudumu, wa kijani au wa nyekundu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoona goshi na demani ni mabaki ya enzi za jahazi, mazuri kwa makumbusho. Ukimfundisha mvuvi sheria kwa kuanza na kulia na kushoto, unamlazimisha kutupa anachokijua ili ajifunze usichokwisha kumfundisha. Ukianza na goshi, nusu ya somo analo tayari.

Nyekundu na kijani

Gizani goshi haionekani. Kinachoonekana ni taa, ikiwapo.

Taa za mbavuni zimepangwa kwa uangalifu mkubwa. Kila moja humulika kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 22.5 nyuma ya katikati ya ubavu, jumla nyuzi 112.5. Kwa hiyo ukiona nyekundu peke yake, unatazama ubavu wa kushoto wa chombo hicho. Ukiona kijani peke yake, ni ubavu wake wa kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, chombo kinakujia wewe.

Kwa vyombo vya mashine, rangi hizo zinatosha kuamua. Vikikutana uso kwa uso, kila kimoja hugeukia kulia ili vipishane kushoto kwa kushoto. Vikikatizana, chenye mwenzake upande wake wa kulia ndicho kinachopisha. Anayepaswa kupisha, akitazama kulia kwake, huona taa nyekundu ya mwenzake. Mwenzake humwona kwa kijani. Mpango huu una akili ndani yake.

Ngalawa haijasahauliwa. Chombo cha tanga chenye urefu chini ya mita 7 kinatakiwa kiweke taa hizo ikiwezekana. Isipowezekana, kiwe na tochi au taa iliyo tayari, iwashwe mapema ili kuzuia mgongano. Sharti hilo halihitaji fundi wala betri kubwa. Tochi ikielekezwa kwenye tanga, kitambaa cheupe huonekana mbali kuliko mwanga mdogo unaomulikwa kwenye maji.

Maboya nayo yana rangi hizo. Tanzania iko katika eneo la kimataifa ambalo meli ikiingia bandarini huacha boya jekundu kushoto na la kijani kulia. Katika mabara ya Amerika, na pia Japani, Korea na Ufilipino, ni kinyume chake. Kijana wa Unguja anayeajiriwa kwenye meli za kigeni asipofundishwa hilo kabla hajaondoka, atalijua akiwa ameshika usukani kwenye bandari ngeni.

Mashine haina goshi

Wanaoona goshi na demani ni mabaki wana hoja, na nzito. Chwaka ya leo haiendeshwi na tanga peke yake. Boti za fiber zenye mashine zimeongezeka; Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar yenyewe imewagawia boti wavuvi na wakulima wa mwani katika miaka ya karibuni. Kijana anayeanzia kwenye mashine hana sababu ya kuuliza goshi iko wapi. Boti yake inakwenda anakotaka, upepo utake usitake. Kumkalisha chini umfundishe majina ya kamba ambazo chombo chake hakina kunaonekana kama kumchelewesha.

Ofisa wa meli naye anatakiwa ajue Kiingereza cha kazi. Shirika la Kimataifa la Bahari liliidhinisha mwaka 2001 misemo sanifu ya mawasiliano ya meli, na Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam hakina budi kuwaandaa wanafunzi wake kwa viwango hivyo. Kwa upande huo sina ugomvi. Meli ya kontena haiwezi kuelekezwa kwa demani.

Lakini ofisa wa meli hayuko peke yake majini. Mbele ya Malindi, boti za kasi za abiria kutoka Dar es Salaam hupita karibu na madau na ngalawa zinazoingia sokoni. Kwa kanuni, chombo cha mashine hukipisha cha tanga. Kanuni hizo hizo zinakikataza chombo cha tanga, na chochote chenye urefu chini ya mita 20, kuizuia meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya njia nyembamba. Nahodha wa ngalawa anayejua nusu ya kwanza tu yuko hatarini. Wa boti ya kasi asiyelitazama tanga akajua goshi iko wapi hatabiri ngalawa itapindukia upande gani. Kila mmoja anahitaji hesabu ya mwenzake.

> Kila mmoja anahitaji hesabu ya mwenzake.

Baada ya kuzama kwa MV Spice Islander I tarehe 10 Septemba 2011 na MV Skagit tarehe 18 Julai 2012, macho ya wengi yalielekea, kwa haki kabisa, kwenye meli za abiria: idadi ya watu, maboya ya kuokolea, ukaguzi. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ilibebeshwa mzigo mkubwa. Chombo kidogo cha watu watatu kikigongwa alfajiri hakitengenezi kichwa cha habari, na ndiyo maana somo la nani ampishe nani halina budi kufika dikoni bila kungoja msiba.

Wapo pia wanaotetea maneno kwa ajili ya maneno, na nao nawaelewa. Zanzibar ina Baraza la Kiswahili, BAKIZA, lililochapisha Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Istilahi za bahari ni hazina. Lakini neno la bahari haliishi kwa kuhifadhiwa kamusini. Linaishi likiwa na kazi chomboni, na hapa kazi ipo: kijitabu chepesi cha sheria za kupishana, kwa Kiswahili, kinachotumia goshi na demani kwa upepo, na ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto kwa chombo chenyewe, kwa michoro ya Ghuba ya Chwaka na siyo ya mto wa Ulaya.

Kijitabu hicho kitakutana na swali gumu mapema. Ngalawa na madau kadhaa sasa hubeba mashine ndogo tezini, na nahodha huiwasha bila kutua tanga ili apate kasi zaidi. Kwa mtazamaji wa mbali hicho bado ni chombo cha tanga, chenye goshi na demani. Kwa kanuni, dakika ile mashine inapoanza kukisukuma, kimekuwa chombo cha mashine: kimepoteza haki ya kupishwa kama cha tanga, na hesabu ya goshi haikihusu tena. Mchana kinatakiwa kitundike mbele alama ya pia nyeusi iliyoelekeza ncha chini ili wengine wajue. Usiku kinatakiwa kiwe na taa za chombo cha mashine. Nahodha anayekutana nacho kwenye mkondo, maji yakiwa yanapwa, hana cha kumjulisha ila mlio wa mashine yenyewe, na mlio huo akiwa juu ya upepo hausikii.